Bushi na Futi ya Fundi Cherehani

Gari liligonga tuta, kwa! Bibi akapiga kelele akiwa kiti cha nyuma.

"Jamani! Mnanipeleka kutibiwa mgongo au kuumalizia?"

Mwanawe, fundi rangi, aliyeshika usukani, aliona aibu. Bushi za mbele alizibadilisha mwenyewe, tena juzijuzi tu. Bushi ni raba nene yenye bomba la chuma katikati. Hukaa pale mkono wa gurudumu, yaani chuma kinachobeba gurudumu, unaposhikana na gari, ili kupunguza mtikiso.

Nyumbani, Bibi alikata shauri. "Kliniki siendi tena. Heri mnibebe kwa toroli!"

Lo, hakuwa akitania. Na daktari alishasema kuwa akiacha mazoezi ya kliniki, mgongo utakakamaa.

Fundi rangi akafungua bushi. Mkewe, fundi cherehani, aliiokota moja akaigeuzageuza. Huyo mama hapitwi na kitu.

"Mbona imechanika mshazari? Nguo ikichanika hivi, ujue ilishonwa ikiwa imejipinda."

"Raba feki hiyo."

"Feki zote? Ngoja nimwite jirani."

Jirani yao ni mwanamke mcheshi anayetengeneza mabasi. Aliiangalia ile raba, akauliza, "Shemeji, bolti ulizikaza gurudumu likiwa wapi?"

"Linaning'inia, gari likiwa juu. Ningekazia wapi, mbinguni?"

"Basi hapo ndipo ulipochemsha!"

Alichukua moja ya bushi mpya alizonunua fundi rangi, akalibana bomba la katikati kwa koleo. "Dada, zungusha huku nje."

Fundi cherehani akazungusha. "Ala! Raba inajinyonga!"

"Ndiyo hivyo. Bolti ikikazwa, bomba halizunguki tena. Ukishusha gari, mkono wa gurudumu unapanda, raba inajinyonga. Inashinda na kulala hivyo. Itaacha kuchanika?"

"Sasa tukaze lini?" fundi rangi aliuliza.

"Mkono ukiwa pale unapokaa gari likisimama chini."

"Tutapajuaje?"

"Pima kabla ya kuinua."

Fundi cherehani alivua shingoni futi yake ya kupimia nguo. Walirudisha kwa muda zile bushi zilizochanika na magurudumu, wakashusha gari kwenye sakafu tambarare. Akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Kisha wakaweka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, wakainua gari, wakaliegemeza kwenye stendi imara, wakafungua tena magurudumu ya mbele na bushi mbovu.

"Jeki ni ya kuinulia tu," jirani alionya. "Usiingie chini kwa kuiamini jeki peke yake."

Bushi mpya zilisukumwa kwa jiliwa, kile chuma cha kubania, taratibu, zikaingia matunduni zimenyooka. Bolti zilishikizwa kwa vidole kwanza. Halafu jeki ikainua mkono wa gurudumu kidogokidogo, mke akipima.

"Bado... bado... hapo hapo!"

Mume akakaza sawasawa. Upande wa pili wakafanya vilevile, kisha wakaenda gereji kupimisha kama magurudumu yamenyooka.

Siku ya kliniki, Bibi aliingia garini akinung'unika. Alishika kiti kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Mkifika kwenye lile tuta mniambie."

"Tumeshalipita, Mama."

Bibi alifumbua macho, akatazama nyuma.

"Acha uongo. Geuza gari, tulipite tena."