Saini ya Ijumaa Mchana

— Weka saini hapa tu, mpenzi. Pale chini, palipoandikwa shahidi.

Callum aliiweka karatasi juu ya meza ya Tamsin, akaishikilia kwa vidole viwili kama vile ingepeperuka. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, na mji wote wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umelowa mvua.

Tamsin akaisoma. Ilikuwa hati ya mauzo ya nyumba ya mzee Clegg. Saini ya mzee ilikuwepo, imepindapinda. Ya shahidi haikuwepo.

— Mzee mwenyewe yuko wapi?

— Ameshaondoka. Alisaini asubuhi mbele yangu, nikasahau habari ya shahidi.

— Mimi sikumwona, Callum.

— Mimi nilimwona. Kwani mimi na wewe tumekuwa watu wawili tangu lini?

Tamsin akacheka kidogo. Walikuwa wamebakiza miezi minne kufunga ndoa.

— Kuna familia nne leo zinahama, vyombo viko kwenye malori, kila moja inangoja nyumba ya mwenzake, na zote zinangoja hati hii, Callum akaendelea. Moja ina kichanga. Niwaambie wakalale wapi mpaka Jumatatu?

Tamsin hakupita chuo kikuu. Aliingia ofisi ile ya mawakili akiwa na miaka kumi na minane, akawa mwanagenzi: analipwa mshahara huku anajifunza uwakili, siku nne kazini, Jumatano kwenye vitabu. Miaka sita. Mitihani yote alikuwa ameshaifaulu. Ulibaki mwezi na nusu, na fomu moja ya mamlaka ya mawakili, ile inayouliza kama wewe ni mtu wa kuaminika. Callum alikuwa wakili kamili tangu miaka mitatu nyuma, na ndiye aliyemfundisha kazi ya hati za nyumba. Alimfundisha hata hili, kwamba shahidi lazima awe ameiona kalamu ikitembea, kwa macho yake mwenyewe.

Akasaini.

— Nakupenda wewe, Callum akasema, akaichukua kabla wino haujakauka.

Wiki tatu zikapita. Siku moja Tamsin alikuwa ameshikilia mapokezi, akaingia mzee na fimbo, mkono wa pili kabeba bati la keki ya tangawizi.

— Naitwa Clegg. Binti yangu kaoka, mimi nimebeba tu.

— Karibu mzee. Mimi Tamsin.

— Tamsin Ormerod? Kumbe ndiye wewe. Nimeliona jina lako kwenye karatasi zangu, chini ya langu. Nikasema huyu lazima ni mjukuu wa Ormerod wa buchani. Leo tumeonana.

— Labda tulipishana siku ile uliyokuja kusaini.

— Kuja wapi, mwanangu? Nilisaini mezani kwangu, nikaposti. Mguu huu ulikuwa haunifikishi hata mlangoni.

Tamsin akapokea bati. Akamshukuru, akamfungulia mlango, akasubiri mpaka ameingia kwenye gari la binti yake. Kisha akaenda jikoni, ambako Callum alikuwa anachemsha maji ya chai.

— Uliniambia alisaini mbele yako.

— Punguza sauti.

— Hii ndiyo sauti yangu. Mzee Clegg ametoka hapa sasa hivi. Alisaini nyumbani kwake.

— Sawa. Ilikuja kwa posta haina shahidi. Ningefanyaje, Ijumaa ile?

— Kama uliamua kudanganya, kwa nini hukuweka saini yako?

Birika likachemka, likajizima.

— Mimi nina leseni, Tams. Ikijulikana, napokonywa. Wewe bado huna kitu cha kupokonywa.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda stesheni.

— Miaka sita siyo kitu?

— Sijasema hivyo. Nasema mzee hana habari, nyumba imeshauzwa, hakuna aliyeumia. Nyamaza, jaza fomu yako, tuoane. Basi.

Jioni ujumbe wa Callum ukaanza kuingia kwenye simu yake.

"Tams usifanye ujinga."

"Mama ameshawaambia mpaka majirani kuhusu harusi."

"Ukisema unatumaliza wote wawili. Nijibu."

Tamsin akaigeuza simu kifudifudi. Alikuwa ameifungua ile fomu, amefika kwenye swali la uaminifu. Hapo palikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Akaangalia kwa muda mrefu, akafunga kompyuta bila kugusa kisanduku hata kimoja.

Asubuhi akagonga kwa bosi wao, Bi Hilary.

— Bosi, una dakika tano?

— Nina tatu.

— Nimesaini kama shahidi kwenye hati ya mzee Clegg. Sikumwona akisaini.

Bi Hilary akavua miwani.

— Rudia.

Akarudia, neno kwa neno.

— Nani mwingine anajua?

— Callum. Ndiye aliyeniletea.

— Unajua unachojifanyia?

— Najua.

— Miaka sita nakusainia karatasi zako za mafunzo kila mwezi, Bi Hilary akasema, zimebaki wiki tatu unaniletea hili. Kaa hapo. Na usinililie.

— Silii.

— Vizuri.

Callum akaitwa. Akaingia na tabasamu, akamwona Tamsin, tabasamu likabaki mdomoni peke yake.

— Hati ya Clegg, Bi Hilary akasema. Shahidi alipatikanaje?

— Tamsin ndiye aliyekuwa na mzee, Callum akajibu palepale. Mimi nilikuta imeshasainiwa.

Tamsin akamgeukia. Alikuwa amejiandaa kumwona akinyamaza, au akiomba radhi. Hili hakuwa amejiandaa nalo.

— Una hakika?

— Kabisa. Hawa wanagenzi wana haraka, bosi.

Bi Hilary akabonyeza namba, akaweka simu sauti ya juu.

— Mzee Clegg, ni Hilary wa ofisi ya mawakili. Ile hati ya nyumba uliisaini mbele ya nani?

— Mbele ya paka, sauti ikajibu. Kijana wenu Callum alinipigia, akasema saini uirudishe kwa posta, shahidi tutamtafuta sisi. Nimekosea?

— Hukukosea wewe. Nakuja leo na karatasi nyingine, usaini mimi nikiwa nakutazama.

— Njoo. Keki ilikuwaje?

— Sijaonjeshwa.

Simu ikakatika. Callum alikuwa anaangalia zulia.

— Tams, sema kitu.

— Nimeshasema, kabla hujaingia.

Bi Hilary akawaandikia mawakili wa upande wa pili, akaiandikia na mamlaka. Callum akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Tamsin akaambiwa aendelee kazini kama mwanagenzi, ila maombi yake ya uwakili yangesubiri uchunguzi.

Pete ya uchumba Tamsin akaipeleka kwa mama yake Callum. Mama aliipokelea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

— Ungeweza kunyamaza tu.

— Ningeweza, mama.

Uchunguzi ukachukua miezi saba. Walioanza naye wakawa mawakili, yeye akawa anawapelekea mafaili. Alijibu barua za mamlaka moja baada ya nyingine, hakujipunguzia kosa, wala hakumuongezea Callum. Jibu lilikuja Alhamisi. Akamsomea mama yake mezani: amekosa, kosa litabaki kwenye kumbukumbu zake, lakini alilisema mwenyewe kabla ya kuulizwa, kwa hiyo anapokelewa.

— Sijaelewa, mama yake akasema. Wewe wakili au siyo wakili?

— Wakili, mama.

— Sasa mbona umenuna? Kula, viazi vinapoa.

Jumapili Callum akapiga simu. Tamsin akaiacha iite, ilipoanza tena akapokea.

— Nimesikia umepita. Hongera.

— Asante.

— Mimi mamlaka wananiita mwezi wa tatu, wanihoji. Nahisi nimeshakwisha.

— Pole, Callum.

— Unanichukia?

— Hapana. Nilingoja nikuchukie, chuki haikuja.

— Basi bado tuna nafasi. Niliogopa tu, Tams. Mtu akiogopa anasema chochote.

Tamsin alitaka kulisema jibu lake vizuri, kwa sababu hakukusudia kulirudia.

— Hata mimi niliogopa. Lakini pale kwa Hilary ulipoulizwa, hukufikiri hata kidogo. Jina langu ulikuwa nalo tayari mdomoni. Ningekuona unasita, nusu dakika tu, leo tungekuwa tunapanga tarehe nyingine ya ndoa.

Tamsin akamtakia siku njema, akakata, akapiga pasi shati la kesho. Saa tatu asubuhi alikuwa na mteja wake wa kwanza.