Kiti cha Praneeth

Duka la mithai la Edison, New Jersey, lilikuwa limefurika watu wa Diwali pale mikono miwili ilipokamata kisanduku kimoja, cha mwisho, cha barfi ya korosho.

"Dada, nimekiona mimi kwanza."

"Macho hayanunui, kaka. Mkono wangu ndio uko juu."

Mwenye mkono alikuwa Jigna, mzaliwa wa hapo hapo, kanzu fupi ya kijani juu ya jinzi na viatu vya theluji. Mwenye macho alikuwa Praneeth, mtaalamu wa kompyuta kutoka Vijayawada, zipu ya koti ameipandisha hadi kidevuni. Waligawana ile barfi kwenye maegesho, na kabla haijaisha walikuwa wameshapeana namba.

Mapenzi yakakolea. Lakini Jigna akigusia ndoa, jibu lilikuwa lile lile.

"Kwanza karatasi, laazizi."

"Lini?"

"Karibuni."

"Karibuni yako imeshaota mvi, Praneeth!"

Wanaume wa aina hii wananichosha. Kampuni yake ilikuwa inamdhamini apate ukaazi wa kudumu, na kibali chake cha kazi kilikuwa ukingoni. Udhamini ukikwama, anarudi kwao. Na sheria ya kule inataka kampuni iitangaze kwanza kazi ya huyo mgeni gazetini, Jumapili, kana kwamba kiti ki wazi, ilhali mwenyewe amekikalia. Akitokea mwenyeji anayeiweza, basi tena. Haya yote Praneeth hakumwambia Jigna. Mama yake alikuwa amemwonya kwa simu kwamba jambo lisilokamilika halitajwi, litapata kijicho. Hata kwa mchumba? Hata kwa mchumba!

Jigna naye alikuwa amepunguzwa kazini, na taaluma yao ni moja. Jumapili moja baba yake, Mzee Kirit, ambaye hajaacha kununua gazeti, akazungushia tangazo kalamu nyekundu.

"Si kampuni ya yule kijana wako hii?"

"Ni yenyewe, Papa! Tutakuwa tunakwenda kazini pamoja!"

Akatuma maombi, akakaa kimya ili amshtukize mpenzi wake. Na kweli alimshtukiza. Siku chache baadaye simu ikalia.

"Jigna, nimekwisha. Kuna mtu ameomba kazi yangu."

"Kazi yako? Kwani umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa! Wanaitangaza tu ili wanidhamini. Sasa mwanasheria anasema huyo mtu ana sifa zote, kila kitu kimesimama. Jina lake siambiwi. Mtu gani hana haya hivyo? Nani anatafuta kazi gazetini siku hizi?"

Jigna aliketi kwenye ngazi.

"Lilitoka Jumapili?"

"Ndiyo."

"Praneeth... ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Huyo asiye na haya."

Praneeth akapasuka. "Umeomba kazi yangu?"

"Ningejuaje ni yako? Uliniambia? Mwaka mzima ni karatasi, karatasi, hata siku moja hukusema karatasi gani!"

Praneeth akakata simu. Jigna alilia kwa hasira, kisha akaipigia kampuni na kujitoa. Walimshukuru kwa adabu. Lakini mwenyeji anayeiweza kazi alikuwa ameshaonekana, na kilichokwama hakikukwamuka.

Jumapili iliyofuata Praneeth alikuja nyumbani kwa kina Jigna kuaga. Alivua viatu mlangoni, akainama kugusa miguu ya mzee.

"Anko, narudi nyumbani. Nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Papa, mwache," Jigna alidakia. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Praneeth, kampuni ikikudhamini unafurahi. Mimi raia nikikudhamini je? Nioe, ubaki."

"Hapana. Watu watasema nimeoa pasi. Baba yako ndiye atakuwa wa kwanza."

Mzee Kirit alilitupa gazeti sakafuni.

"Usinisemee! Mimi pia nilidhaminiwa na kampuni. Mimi pia nilisema kwanza karatasi, na mama yake Jigna akaningoja kwetu kule Surat. Nilipomleta hapa, hatukukaa sana, ugonjwa ukamchukua. Miaka niliyomngojesha ni mingi kuliko niliyoishi naye. Karatasi ninazo, zimo kabatini. Nenda ukaziulize kama zinajua kupika chai!"

Hakuna aliyecheka. Praneeth alisimama na soksi zake, zipu kidevuni, akalia bila kujificha. Alikuwa anampenda yule msichana kuliko heshima yake, na ndiyo kwanza anagundua.

"Jigna," alisema, "utakubali nikuoe?"

"Ee Mungu wangu! Nimeshakuuliza mimi, mwanamume wewe! Jibu!"

"Ndiyo."

"Basi vua hilo koti ukae."