Mashavu ya Stara

Wenzangu wa Kizota, habari hii ni ya Mrisho, fundi magodoro, na mkewe Stara. Siisemi ili mtu achekwe. Mrisho mwenyewe amenipa ruhusa, akaniambia nikisema niseme yote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa bidhaa na kila kona ya mji ikapata bango jipya. Asubuhi Mrisho alikuwa akikaa barazani na shazia yake, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, na Stara akikaa karibu naye akichambua sufi ya kujazia. Walikuwa wakitaniana kwa sauti ya chini kama watu waliooana jana, ingawa ndoa yao ilikuwa na miaka tisa. Hata mpita njia mwenye haraka alisimama kidogo kuwaamkia.

Lakini sufi ina vumbi, na upepo wa Dodoma mnaujua. Stara alikuwa na pumu. Siku ikimbana, mabega yalipanda, shingo ikaingia ndani, na kifua kikalia mpaka nyumba ya pili.

Daktari Anyitike wa hospitali kubwa alikwisha kuwaambia mambo mawili. Stara avute dawa yake ya kichupa asubuhi na jioni, hata siku anayojisikia mzima. Na sufi ihame nyumbani. Mrisho hakulishika hata moja. Kazi ya sufi aliirithi kwa baba yake, na hapohapo nyumbani ndipo baba alipoichambulia. Na hicho kichupa kilimtia aibu. Siku moja harusini Stara alikitoa mbele ya wanawake wenzake akavuta, na kesho yake maneno yakamfikia Mrisho kwamba ameoa mgonjwa.

"Kiweke sandukuni," alimwambia mkewe. "Tutatafuta dawa ya watu wazima."

Na dawa ya watu wazima kwake, kama kwa wengi wetu, ilikuwa sindano. Tuseme kweli: nani kati yetu hajarudi zahanati akinung'unika kwamba amepewa vidonge tu?

Wakati huohuo Silvano alifungua duka la dawa mtaa wa pili. Hakuwa daktari, wala hakuwahi kusema ni daktari. Alivaa tu koti jeupe, watu wakamalizia wenyewe.

"Ninayo ya pumu," alimwambia Mrisho. "Moja tu kwa mwezi. Utasahau kama mkeo aliwahi kuumwa."

Na ilifanya kazi. Siku ya tatu Stara alifagia uwanja mzima bila kupumzika, akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Mrisho alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Laiti ingeshindwa siku ile ya kwanza!

Baada ya miezi michache mashavu ya Stara yalijaa, uso ukawa wa duara na kung'aa. Wanawake wakasema amenawiri. Wanaume wakamsimamisha Mrisho njiani: "Bwana, huyu mwenzetu unamlisha nini?" Mrisho alicheka, na aliyeuliza akanunuliwa soda. Mnajua kwetu mke akinenepa anayesifiwa ni mume. Mrisho aliyachukua yale mashavu kuwa cheti chake, akatembea nacho mjini.

Aliyeona mengine ni Stara. Mikono yake ilikuwa inakonda. Akijigonga kidogo tu ngozi ilivilia damu. Kuinuka kwenye kigoda kulimtaka ashike ukuta.

"Mume wangu, miguu haina nguvu."

"Ni unene huo. Utauzoea."

Mdogo wake Stara, Yusra, alipokuja kutoka Busi kuwatembelea, alimtazama dada yake siku nzima, kisha akamfuata Mrisho barazani.

"Shemeji, dada anachomwa dawa gani?"

"Ya pumu."

"Haina jina?"

"Nikila pilau, shemeji, huwa namuuliza mpishi jina la ng'ombe?"

Yusra hakucheka. Mrisho alicheka peke yake.

Sindano ziliendelea miezi kumi na minne. Kisha Julai, wiki ambayo wakaguzi wa maduka ya dawa walitajwa kuwa mjini, duka la Silvano likakutwa na kufuli. Mrisho akasema Silvano atarudi. Siku ya sindano ikapita, zikapita wiki tatu. Stara akaanza kutapika. Asubuhi moja alishindwa hata kukaa, mwili baridi, maneno yakimtoka nusunusu. Mrisho akakodi teksi kumpeleka hospitali.

Muuguzi Ruthu akaja na karatasi yake. "Ana ugonjwa mwingine wowote? Kuna dawa anayotumia?"

Benchi lilikuwa limejaa watu wa Kizota. Wawili walikuwa wamelalia magodoro ya Mrisho usiku uliopita.

"Hana," alisema Mrisho. "Ni malaria tu."

Wakamtundikia dripu ya malaria. Mchana mapigo ya moyo wake yalikuwa ya kutafutwa kwa vidole. Daktari Anyitike akaitwa. Alimtibu Stara miaka miwili nyuma, lakini alipoinama juu ya ule uso wa duara, hakumtambua. Mrisho aliliona hilo. Akajua kwamba akinyamaza, hakuna mtu humo ndani atakayejua.

"Mzee, fikiri vizuri," alisema daktari. "Hakuna dawa yoyote?"

Mrisho akamtazama mkewe. Midomo ilikuwa imekauka, na yale mashavu aliyosifiwa nayo yalikuwa na rangi ya majivu.

"Ana pumu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi. "Ni Stara, daktari. Unamjua. Anachomwa sindano kila mwezi, mwaka na zaidi. Sasa mchomaji amekimbia."

"Sindano ya nini?"

"Sijui."

"Jina lake?"

"Sikuuliza." Akaanza kulia mbele ya wote.

Daktari hakupoteza muda kumgombeza. Alimchoma Stara dawa kwenye mshipa, akabaki amesimama pale. Jioni Stara alifumbua macho, akaomba uji.

"Mashavu yale ndiyo yaliyoniambia alichokuwa akichomwa. Dawa ya namna hii mwili hujitengenezea wenyewe," daktari alimweleza Mrisho baadaye. "Ukiuletea nyingi kutoka nje kwa muda mrefu, wenyewe unaacha kazi. Mkaikata ghafla, mwili ukabaki bila hata kidogo. Hata niliyomchoma leo ni ndugu ya ile ya Silvano. Ila hii naijua jina na kipimo, imeandikwa kwenye kadi, na nitampunguzia kidogo kidogo."

Sufi ilihamia kibanda cha njia ya Mkonze, ikichambuliwa na kujaziwa hukohuko. Sandukuni kikatoka kichupa. Mwezi hadi mwezi mashavu ya Stara yalishuka mpaka ukarudi ule uso wake mwembamba, ila miguu haikurudi yote, na hadi leo akiinuka hushika ukuta.

Watu nao hawakunyamaza. Siku moja mteja alisimama barazani akamtazama Stara, akasema, "Mrisho, siku hizi humtunzi mwenzio? Amekwisha."

Mrisho aliweka shazia chini. "Mke wangu ana pumu," alisema. "Anavuta dawa asubuhi na jioni."

Stara akatoa kichupa kwenye upindo wa khanga, akavuta mbele ya mteja, akashusha pumzi taratibu. Kisha akamuuliza anataka godoro la futi ngapi.

Mafunzo

Ndugu zangu, sindano si adui. Ndiyo iliyomrudisha Stara. Adui ni kuchomwa kitu usichokijua jina, na mtu usiyejua alikosomea. Uliza jina la dawa, iandikwe kwenye kadi, na usiikate bila kumuuliza daktari. Pumu si aibu, na dawa ya kuvuta si udhaifu. Unene wa mgonjwa usitudanganye tukaacha kumsikiliza mwenyewe anaposema miguu haina nguvu. Na ukiulizwa hospitali, sema kweli, hata kama benchi zima linakujua.