Kitambaa cha Alasiri

Kila siku, kabla jogoo wa jirani hajachoka kuwika, sisi tunakuwa tumeshafunua unga uliokandwa. Huumuka usiku kucha chini ya blanketi jekundu ambalo binti yangu Benita alilifuma mwenyewe alipokuwa msichana. Benita hukata madonge, mimi husimamia moto wa mikaratusi ndani ya tanuri. Mjukuu wangu Yovana, mwenye miaka kumi na miwili, ana kazi yake ambayo hataki mtu aiguse. Mkate wa kwanza ukitoka, hupanda juu ya ukuta na kufunga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu.

Watu wa chini barabarani wakikiona kitambaa wanajua mkate umetoka sasa hivi, nao hupanda ngazi za mawe, sabini na mbili, kuufuata. Mkate ukiisha, kitambaa kinashushwa. Ukibaki, kinashushwa vilevile saa nne ikifika, na uliobaki unawekwa kwenye kikapu cha pembeni na kuuzwa nusu bei, tena mnunuzi anaambiwa wazi: huu si wa leo. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia.

Mwaka ule mambo yalikuwa mabaya. Gari la mikate kutoka mjini lilianza kupita barabarani saa mbili asubuhi, muda uleule ambao mkate wetu ulikuwa unatoka. Mkate wao ulikuwa laini kama pamba, na kuupata hukuhitaji kupanda ngazi hata moja. Tukaacha kuoka mara ya pili alasiri, kama tulivyozoea. Kikapu cha pembeni kikawa hakiishi kujaa. Mwisho Benita akasema, bila kumtazama mtu, kwamba viazi vikishavunwa ataenda Puerto Maldonado, kule kwenye misitu ya joto, kuwapikia wachimba dhahabu. Baba yake Yovana alikwenda hukohuko miaka minne nyuma, na mpaka siku ile hatukuwa tumepata hata salamu.

Yovana alikuwa anakula supu. Aliweka kijiko chini, akatoka nje.

Siku za Jumanne na Ijumaa mimi na Benita tulikuwa tunashuka kwenye mashine ya kusaga kuchukua unga, na kurudi jioni. Ijumaa moja nilirudi nikakuta kikapu cha pembeni ni kitupu. Nikamuuliza Yovana, akasema watu wamenunua. Jumanne iliyofuata, kitupu tena. Benita alicheka, na alikuwa na siku nyingi hajacheka. Mimi nikafurahi, sikuuliza zaidi. Mtu mzima akiona kikapu kimeisha ghafla bila sababu, aulize. Sikuuliza, na hilo ni kosa langu.

Alhamisi yake asubuhi, mzee Hilario alipanda ngazi zetu. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya kijito, ana goti bovu na fimbo, na kila ngazi kumi hupumzika. Hakusalimia. Alifungua mfuko wake na kuipanga mikate juu ya ukuta wetu, mmoja mmoja. Ililia kama vigae.

"Saturnina," aliniambia, "jana nilikuwa na watu kumi na wanane shambani. Wamekuja kunisaidia kuvuna viazi, kama mimi nilivyowasaidia wao. Unajua mwenye shamba hudaiwa nini siku hiyo."

Nilijua. Hudaiwa tumbo lililoshiba. Akilisha vibaya, husemwa mpaka wajukuu zake.

Akaeleza kwamba Jumanne alasiri aliona kitambaa chetu kinapepea. Akajua tumerudia kuoka mara ya pili, akapanda na goti lake, akanunua mikate hamsini ikiwa ya moto kabisa. Mkate wetu ukiwa mpya hukaa siku mbili bila kubadilika. Huu, asubuhi yake tu, ulikuwa umekauka. Wavunaji walimcheka. Mmoja alimuuliza kama anataka wale au wajenge ukuta. Mwingine aliweka mkate chini ya gurudumu la mkokoteni ili usiteleze, na hata ulipokanyagwa haukupasuka.

Nilimgeukia Yovana. Alikuwa amesimama karibu na tanuri, ameshika kile kitambaa, uso umemwiva.

Hakuzungusha maneno. Alisema alikuwa anainyunyizia maji ile mikate ya kikapuni, anairudisha tanurini, kisha anapandisha kitambaa na kuiuza kwa bei ya mkate mpya. Alikuwa amefanya hivyo mara mbili.

"Nilitaka biashara ikue," alisema. "Ikikua, mama hatakwenda."

Hakuna aliyemgombeza. Mzee Hilario alishuka ngazi polepole, na mikate akatuachia.

Kesho yake mkate ulitoka, kitambaa kikapanda, na hakuna aliyekuja. Tulikaa tukisikiliza kitambaa kikipigwa na upepo. Chini barabarani tuliwaona watu wakinyanyua vichwa, wakikitazama, kisha wakisubiri gari. Hata mama mmoja ambaye tangu nimemjua hanunui kwingine, siku ile alitupita. Jioni Benita alilitoa blanketi jekundu juani, akalikung'uta, akaanza kulipangia nguo zake katikati.

"Viazi havijaisha," nilimwambia.

"Mama, tunangoja nini?"

Yovana hakulala vizuri usiku ule, nami nilimsikia. Palipopambazuka tulioka mikate sitini, na nikamkataza kupandisha kitambaa. Tukaibeba mgongoni hadi shambani kwa mzee Hilario, ambako ilikuwa siku ya mwisho ya kuvuna. Njiani Yovana aliniuliza kama ni lazima aseme mbele ya wote. Nikamwambia waliocheka walikuwa wote.

Alisema. Alikosea katikati, akaanza upya, akamaliza. Mkate huu ni wa leo, akasema, na hauuzwi, ni badala ya ule.

"Tutajuaje?" aliuliza kijana mmoja. "Mimi jino langu bado linakulaani."

Mzee Hilario aliuvunja mmoja, mvuke ukatoka. Akala, akavunja mwingine. "Kaa hapo, mwongo mdogo," alisema, lakini alikuwa anamsogezea kiazi cha kuchoma.

Walipokuwa wanakula, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu gari lilipoanza kuja. Niliwauliza kwa nini wananunua wa mjini. Nilidhani watasema ngazi, au bei. Wakasema mkate wa gari haufiki saa nne tumboni, njaa inarudi. Lakini wao huenda shambani saa kumi na moja na nusu, na wetu hutoka saa mbili. Hivyo huondoka na njaa, na wake zao hununua chochote kinachopita.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

Tangu siku hiyo tunawasha moto mapema zaidi, na kitambaa hupanda mara tu kunapokuwa na mwanga wa kukionyesha. Siku ya kwanza walikuja watu watatu, mzee Hilario akiwa wa kwanza, anahema. Siku ya nne walikuja kumi na mmoja. Benita alitaka tuoke mia mbili palepale. Nilikataa, tuoke inayokwisha kwanza, tuongeze kumi kumi. Wengine hawajarudi hadi leo, na siwalaumu.

Jioni moja Yovana aliniuliza kama kitambaa kikubwa zaidi kingeleta watu zaidi.

"Kitambaa hakina ubaya wala uzuri," nilimwambia. "Ni neno lako tu, umelitundika juu. Mtu amepanda ngazi sabini na mbili kwa sababu ya neno lako. Akifika, alikute mezani. Ukitaka biashara ikue, muulize anayenunua anahitaji nini, kisha usimdanganye. Hayo mawili ndiyo magumu, mengine ni kukanda tu."

Yovana alikuwa anaangalia kwenye kona, ambako unga ulikuwa umeanza kuumuka, na blanketi jekundu la mama yake lilikuwa limerudi juu yake.