Kiungo cha Rangi ya Chungwa

Kila siku baada ya shule, Djamila alipitia ofisini kwa Papa Onésime, mtengenezaji wa programu za kompyuta. Alikuwa na miaka kumi na minne, na vidole vyake viliandika haraka kuliko macho yake yalivyosoma. Mwaka ule wa vita watu walikimbilia mji wa Kalemie kila siku, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Papa Onésime alikuwa ameunda kwa Java, lugha ya kompyuta, tovuti yenye kurasa mbili: Wanaotafutwa na Waliopatikana. Zilifanana kama mayai mawili. Kazi ya Djamila ilikuwa kuingiza majina.

Jumatatu Mama Hélène, aliyekimbia kutoka mji wa Bendera, alitoa jina la mwanawe Steve, miaka mitano. Alhamisi akarudi mbio.

"Papa, kule kambi ya Katanika wamesoma orodha, wanasema mutoto wangu alishapatikana! Iko wapi?"

Papa Onésime akafungua ukurasa wa Waliopatikana. Jina la Steve lilikuwapo, lakini mahali alipo hapakuandikwa.

"Nani aliandika hivi?" akauliza.

Djamila alilitambua jina lile. Jumatatu aliliandika akidhani amefungua ukurasa wa Wanaotafutwa! Akisema, atanyang'anywa kompyuta.

"Sijui, Papa. Labda ni mashine."

Mama Hélène akaketi sakafuni. Djamila hakutulia. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Siku tatu hakuna aliyemtafuta Steve, kwa sababu orodha ilisema amepatikana. Aibu ikamchoma.

"Papa, njo mimi, ni mimi," alisema akilia. "Niliandika kwenye ukurasa mubaya."

Wakahamisha jina upesi, wakatuma orodha mpya hadi Mpala, kijiji cha kando ya ziwa. Kisha Papa Onésime akarekebisha programu: kila ukurasa ulituma jina la ukurasa huo kwenye menyu, yaani orodha ya viungo vya kubonyeza ili kufungua kurasa, menyu ikalilinganisha na viungo vyake, na kiungo kilicholingana kikapakwa rangi ya chungwa, ili anayeandika aone yuko ukurasa gani.

Kesho yake simu ikalia kutoka Mpala. Steve alikuwa kwa mvuvi mmoja, mzima kabisa. Mama Hélène, aliyekuwa akingoja ofisini, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Steve? Ulikula?"

Alipoondoka, Papa Onésime alimgeukia Djamila.

"Menyu haikukuonyesha uko wapi. Ile kosa ni yangu, nimeshaitengeneza. Lakini ungenyamaza, hakuna muntu angemutafuta ule mutoto. Ukikosea, sema mbio."

Kisha akamsogezea kompyuta. Djamila alisoma kwanza kiungo cha rangi ya chungwa, mara mbili, ndipo akaanza kuandika.