Kampuni ya Baba Huko Ng'ambo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji. Ya pili ilikuwa kumfunga baba vifungo vya shati. Baba alikuwa fundi wa kunoa misumeno katika karakana ya mbao, na miaka mingi iliyopita msumeno mmoja ulimla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kazi ya kunoa aliimudu vizuri, lakini kalamu ilimshinda kabisa. Hata kusoma alisoma kwa kudonoa. Kwa hiyo mambo yote ya maandishi nyumbani yalikuwa yangu, naye aliniita Karani.

Nami nilijiona, weee! Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Fomu za shule na barua za babu, zote niliandika mimi. Nilimtungia baba sahihi yenye mkia mrefu uliojipinda mara mbili, na jirani yetu fundi cherehani alipoiona alisema, "Kumbe tunaishi na waziri!" Tulicheka sana. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Nilipokuwa darasa la tano, baba alirudi na bahasha kutoka kwa mwajiri wake, ambaye wafanyakazi wote walimwita Tajiri.

"Karani, tia sahihi hapo penye alama ya penseli," baba aliniambia. "Tajiri anasema ni karatasi za bima yetu."

Karatasi zilikuwa kumi na moja, zimeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Nilitia sahihi zote, na mkia wa ile ya mwisho niliupinda mara tatu kwa maringo.

Miaka miwili ikapita. Jumanne moja ikaletwa barua yenye mhuri wa ofisi ya kodi. Mama alikuwa akipiga pasi, baba akivua viatu. Nikawasomea kwa sauti: baba alitakiwa kufika ofisini Alhamisi saa nne asubuhi, aeleze habari za kampuni yake ya ng'ambo. Kampuni hiyo ilinunua mbao hapa nchini kwa bei ya kutupa na kuziuza huko kwa bei mara nane. Habari hizo zilikuwa zimeletwa na ofisi ya kodi ya nchi hiyo ya ng'ambo.

"Kampuni yangu?" baba alisema. "Mimi mwenye viatu jozi moja?"

Mama aliangua kicheko. Kisha akaona uso wangu, akaweka pasi chini. Nyuma ya barua palibanwa nakala ya ukurasa mmoja, na chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia uliopinda mara tatu.

Wiki ile ile mwalimu wa uraia alikuwa ametufundisha kwamba kutia sahihi ya mtu mwingine ni kosa la jinai, na kwamba watu hufungwa kwa kosa hilo. Nilikuwa nimefanya kosa hilo mara kumi na moja.

Kesho yake Tajiri mwenyewe alikuja kwetu, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga uchochoro wetu. Gari lake halikupita, ikambidi aruke mtaro wa maji machafu kwa viatu vyake vya kung'aa. Mama alinisukuma nyuma ya pazia. Nilisikia kila neno.

"Fundi, kesho sema kampuni ni yako," alisema kwa sauti ya upole. "Wakili nitamlipa mimi. Mshahara wako utaendelea, hata kama..."

"Hata kama nini, Tajiri?"

"Hata kama utakaa ndani kidogo."

"Lahaula!" mama alisema.

"Na nikisema kweli?" baba aliuliza.

"Watauliza sahihi ni ya nani. Mimi na wewe tunajua huwezi kushika kalamu. Sasa unataka wamchukue mtoto?"

Tajiri aliinuka, akamuaga mama kwa adabu kama mgeni mwema, akaondoka. Mimi nilibaki nyuma ya pazia nikiwa nimejikunyata. Tangu saa ile, kila aliyebisha hodi nilidhani ni polisi.

Alhamisi baba hakutaka niende naye. Lakini aliogopa pia kupewa tena karatasi asizozielewa.

"Utanisomea tu," aliniambia njiani. "Neno moja usiseme. Mimi nimeshaishi, mwanangu. Wewe bado."

Ofisi ile ilikuwa na korido ndefu inayonuka dawa ya kusafishia sakafu. Mkaguzi wa kodi alikuwa mama mnene mwenye miwani, na mezani kwake palikuwa na majalada mawili, moja la kijani na moja la buluu.

"Mzee, kampuni hii ni yako?"

"Ni yangu," baba alisema.

"Inaitwaje?"

Jasho lilimtiririka baba mpaka kwenye kola niliyomfunga mwenyewe.

"Haya, tia sahihi hapa kuthibitisha kwamba ni yako."

Baba aliishika kalamu kwa vidole vyake viwili. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Nikajua kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi, baba hatarudi nyumbani.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Sahihi zote kumi na moja ni zangu! Baba hana kampuni! Msimfunge yeye, nifungeni mimi!"

"Nyamaza, Karani!" baba alisema. Kisha akafunika uso kwa kile kiganja chake, akalia.

Mkaguzi aliinuka, akaenda kufunga mlango. Nilijua sasa nimekwisha. Lakini alirudi na chupa ya chai, akanimiminia kikombe.

"Kunywa, binti. Hapa hatufungi watoto. Nieleze, nani aliwapa karatasi?"

Baba akaeleza yote, tangu bahasha hadi vitisho vya jana. Mkaguzi aliandika, kisha akafungua jalada la buluu.

"Hili limetoka kwa wenzetu wa ng'ambo. Wametuletea majina mawili: la mwenye kampuni, na la anayechukua fedha zake benki. La kwanza ni lako, mzee. La pili ni la Tajiri wako. Tulikuwa hatujui yanaunganaje."

"Nao wanatusaidia kwa nini?" niliuliza.

"Kwa sababu na wao huibiwa hivyo hivyo. Zamani sisi tuliona mbao zikitoka, wao waliona fedha zikiingia, na mwizi alijificha katikati. Sasa nchi zetu zimekubaliana kuulizana na kujibizana." Akanitazama juu ya miwani. "Darasani kwenu mko wangapi?"

"Tisini na wawili."

"Mna madawati mangapi?"

"Ishirini na matatu."

"Umeona? Mbao zinatoka kwetu, nanyi mnakaa sakafuni. Kodi yake ndiyo iliyofichwa kwa jina la baba yako. Na msidhani ninyi hamna kosa. Mngeshikilia uongo ule, deni na jela vingekuwa vyake."

Baba alipewa onyo kali la maandishi. Tajiri aliitwa, akabanwa, akaamriwa kulipa kodi yote na faini juu yake. Karakana ilifungwa miezi mitatu na tulibana matumizi kwelikweli. Baba akaanza kunoa visu na misumeno uani kwetu, na taratibu wateja wakaja.

Juzi alikuja mtu mmoja na fomu, anataka baba amwazime jina tu, asajili kiwanja. Baba hakuacha hata kunoa.

"Jina ni kama mswaki, bwana," alisema. "Hata ndugu haazimwi."

Mtu yule alipoondoka, nilimwambia baba kwamba mpaka leo nikikumbuka ile ofisi naogopa. Akaweka msumeno chini.

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Lakini ukweli ulitutisha asubuhi moja tu. Ungenyamaza, uongo ungetutisha kila siku, na mimi ningekuwa naogopa peke yangu, gerezani."