Semisi Anaukimbia Ujia wa Tisa

Walikutana asubuhi mbele ya rafu ya kuchajia, katika ghala la vyakula kule Māngere, wafanyakazi wakisukumana kugombea kompyuta za kufunga mkononi. Reshmi, binti wa Kihindi kutoka Fiji, alinyoosha mkono. Semisi naye akanyoosha. Wote wakaishika moja.

"Chukua, mrembo," alisema Semisi, Mtonga wa visiwani mwenye mabega mapana. "Mimi nitavaa mbovu, mradi ucheke."

Akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Sasa Reshmi yuko meza ya uongozaji, ofisi ya juu. Kwenye skrini anaona kila kompyuta ilipo, na ndiye anayemwambia mwenye nayo aende ujia upi kati ya rafu kuchukua mzigo. Semisi ameshamposa, Jumamosi anataka jibu. Lingekuwa ndiyo, kama si huyu Lupe.

Lupe ni mgeni kazini, mrefu, nywele kazibana kwa kitana cheusi. Kila akiingia ujia alimo Semisi, alama ya Semisi kwenye skrini hutoka mbio. Mtu asiye na jambo atamkimbiaje mwenzake? Reshmi akaingiwa na wivu. Akampigia Semisi kwenye kompyuta aliyoifunga mkononi.

"Mpenzi, Lupe unamjua?"

"Tuongee mengine, mama."

"Kwa nini yasiwe hayo?"

"Nina mzigo, Reshmi." Akakata.

Ahaa! Reshmi akawatuma wote wawili ujia wa tisa, ule mwembamba, kwa wakati mmoja. Alama ya Semisi ikaingia, ikarudi kinyumenyume, ikazimika. Punde mwenyewe kasimama mlangoni, kizibao cha njano kimelowa jasho, mkono mtupu.

"Nani kanitia mle na Lupe?"

"Mimi! Ni hawara yako, sema!"

"Koma! Yule ni dada yangu!"

"Ulisema huna dada, muongo wee!"

"Mama zetu ni ndugu, na kwetu huyo ni dada. Sibanani naye mahali finyu, simtanii, mapenzi hayatajwi mbele yake; ndiyo maana sikutaka kumzungumzia nawe. Umenivunjia heshima, Reshmi." Akaondoka.

Reshmi alitamani ardhi immeze. Mume kampoteza kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa bado analia Lupe alipoingia na kompyuta ya Semisi.

"Kaka kaiacha rafuni, nami siwezi kumfuata," alisema taratibu. "Mama kaniambia habari ya posa. Kwetu dada ndiye anayeridhia, na mimi nimeridhia. Mpelekee wewe, wifi yangu."

Reshmi akaichukua kompyuta, akashuka ngazi mbio, machozi hajayafuta, akipaza sauti kati ya foklifti za kubebea mizigo: "Semisi! Nisamehe! Ndiyo, nasema ndiyo!"